Unaposoma "they" usijue ni nani: utatuzi wa matatizo ya viwakilishi katika ufahamu wa Kiingereza

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari anayepoteza alama kwenye ufahamu wa Kiingereza, na wa yeyote anayekaa naye jioni na daftari: mzazi, dada, kaka, mwalimu wa twisheni. Makosa yaliyomo nakutana nayo kila muhula kwa wanafunzi wa hapa Moshi, kuanzia Majengo hadi Kiboriloni, na walimu wenzangu wa Arusha wananiambia wanayaona hayo hayo. Swali huwa fupi: neno lililopigiwa mstari linarejelea nini? Mtoto amesoma kifungu chote, maneno karibu yote anayajua, halafu anajibu kitu kisichohusiana kabisa.

Mifano nimeitunga mwenyewe, yote juu ya elimu, kwa sababu vifungu vya darasani vinaipenda sana mada hiyo: ada, madawati, chakula cha mchana, walimu. Miaka na matukio ya kitaifa yaliyotajwa ndani yake ni ya kweli.

Kabla ya dalili, chanzo kikuu. Mtoto wa shule ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na Kiswahili kimemzoesha kupata msaada bila kuuomba. Mwambie "Nilinunua kitabu na kalamu, ikapotea", atajua papo hapo kilichopotea ni kalamu. Sema "kikapotea", atajua ni kitabu. Ngeli imemaliza kazi. Akifika kidato cha kwanza anakuta "it was lost", na hiyo "it" inaweza kuwa kitabu, kalamu, daftari au hata mechi ya mpira. Huyu mtoto si mzembe. Anatafuta ishara ambayo Kiingereza hakiiweki pale alipozoea kuiona, na hakuna aliyemwonyesha imehamia wapi. Mara nyingi imehamia kwenye kitenzi kinachofuata na kwenye mtiririko wa aya.

Dalili ya kwanza: anachagua jina lililo karibu zaidi

Hii ndiyo inayoongoza. Soma:

"The college at Mweka, founded in 1963, trains wildlife managers from many African countries. When they go home, they use what they learned there."

Muulize "they" ni nani, wengi watajibu "countries". Muulize "there" ni wapi, watajibu "home". Majibu yote mawili yamechukuliwa kwenye neno la jirani.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba amefundishwa hivyo. Mahali fulani aliambiwa "angalia nomino iliyo nyuma ya kiwakilishi". Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye sentensi fupi za kidato cha kwanza, ndiyo maana anaiamini, na inamwangusha anapofika kwenye aya yenye nomino tano. Sababu ya pili: anasimama kwenye kiwakilishi na kurudi nyuma bila kusoma mbele, wakati ushahidi uko mbele. Nchi haziendi nyumbani, watu ndio waendao. Sababu ya tatu haionekani kirahisi: neno sahihi halijui. "Wildlife managers" limempita, kwa hiyo analikwepa na kuchukua "countries" analolifahamu. Ukiona majibu yake yote ni maneno mepesi mepesi, shuku sababu hii.

Anza na ukaguzi mwepesi. Je, kiwakilishi ni cha umoja au cha wingi? Kitenzi kinachofuata kinafanywa na nani katika maisha ya kawaida? Kisha rudisha jina mahali pake na usome sentensi nzima kwa sauti: "When countries go home…" Sikio la mtoto lenyewe litakataa. Fanya hivyo hivyo kwa "there": "they use what they learned at home" inasomeka vizuri kisarufi, lakini chuo kingekuwa na kazi gani hapo? Sentensi ya kwanza imesema chuo ndicho kinachofundisha, kwa hiyo walijifunza Mweka.

Kama kosa linarudi, ingia ndani zaidi. Mpe penseli. Azungushie kila nomino iliyotangulia ambayo inalingana na kiwakilishi kwa idadi, halafu azikate moja moja, na kila anayoikata aseme sababu kwa mdomo. Aseme kwa Kiswahili. Hapa nasisitiza, maana kuna nyumba ambazo mtoto anakatazwa Kiswahili wakati wa kujisomea: hoja ndiyo tunayoijenga, na hoja atakayoijenga vizuri kwa Kiswahili ataihamishia kwenye Kiingereza. Akilazimishwa kueleza kwa lugha asiyoimudu, atanyamaza na kubahatisha.

Akishazoea, mpe hii:

"In March 1967 Nyerere published his paper on education for self-reliance. In it he argued that the schools inherited from the colonial government were separating children from the communities they came from."

Hapa kuna "it", "he" na "they". Mbili za kwanza hazisumbui: waraka na Nyerere. "They" ndiyo yenye kazi, kwa sababu nomino za wingi ni tatu: shule, watoto, jamii. Idadi haisaidii. Ya karibu zaidi ni "communities", na jamii haziwezi kutoka kwenye jamii hizo hizo, hivyo ikatwe. Zinabaki shule na watoto. Anayetenganishwa na jamii ni mtoto, na uchungu wa kutenganishwa upo kwa sababu huko ndiko alikotoka. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hilo ameelewa pia hoja ya Nyerere, aliyoitoa wiki chache baada ya Azimio la Arusha.

Dalili ya pili: "he" na "she" zinageuzwa, na "his" inawekwa pa "her"

Kiswahili hakitenganishi. "Alikuja" ni wa kike au wa kiume, na hatupungukiwi kitu. Matokeo yake jicho la msomaji wetu linapita juu ya "he" na "she" kana kwamba ni neno moja, na linatupa ushahidi ambao Kiingereza kimempa bure.

Lipo na jambo la vimilikishi. Sisi tunasema "kitabu chake, kalamu yake": neno linabadilika kufuata kitu kinachomilikiwa. Kiingereza kinafuata mwenye mali. Ndiyo maana daftari hata la kidato cha tatu utalikuta na "Neema and his brother", kwa sababu kaka ni mwanaume na mwandishi ameshika kaka badala ya Neema. Kosa la kuandika ni hilo hilo la kusoma:

"Neema walked to school with her brother because his bicycle had a puncture."

Baiskeli ni ya nani? Ya kaka. "Her" inamhusu Neema, "his" inamhusu kaka, na nani alipaswa kumpakia nani kinaeleweka.

Ukaguzi mwepesi: kabla ya kujibu chochote, apige mstari mmoja chini ya kila "he, him, his" na miwili chini ya kila "she, her". Kisha aandike pembeni majina ya wanaume na ya wanawake waliotajwa. Nusu ya matatizo huishia hapo.

Ikibaki, angalia majina. Amani ni jina la nani? Hapa kwetu linaweza kuwa la mvulana au la msichana. Ukisoma "Amani showed the headmaster her report", kiwakilishi ndicho kinachokuambia Amani ni msichana, maana "headmaster" ni mwanaume. Msomaji aliyeshaamua kichwani kwamba Amani ni mvulana atatafuta mwanamke mwingine kwenye kifungu na asimpate.

Sababu adimu zaidi, lakini inazidi kuonekana kwenye vifungu vipya: "Every teacher should know their pupils by name." Hapo "their" ni ya mwalimu mmoja mmoja. Kanuni ya idadi uliyoitumia juu inagoma. Ukiona "every", "each", "anyone" au "a student" kisha "they" au "their", kubali kwamba wingi huo unaweza kuwa wa mtu mmoja asiyetajwa jinsia.

Dalili ya tatu: kila "they" ni watu

Hii ni fupi. Kwa sababu amefundishwa kwamba "they" ni "wao", mtoto anatafuta watu tu. "The pupils welcomed the new desks, although they were too high for Standard One." Kilicho kirefu mno kwa mtoto wa darasa la kwanza ni dawati. Mwambie "they" inabeba wao, vile, yale, zile, zote kwa pamoja, na ampe kila "they" nafasi ya kuwa kitu kabla ya kuamua ni mtu.

Dalili ya nne: anatafuta mwenyewe wa "it" ambaye hayupo

"It is difficult for a child to learn on an empty stomach." Mwanafunzi anarudi aya nzima nyuma akitafuta "it" ni nini, na mwisho anaandika "stomach".

Sababu kubwa ni kudhani kila kiwakilishi lazima kiwe na nomino nyuma yake. Kwetu tunaanza moja kwa moja, "Ni vigumu mtoto kujifunza akiwa na njaa", na hatuhitaji neno la kukalia kiti cha mbele. Kiingereza kinalihitaji, kwa hiyo kinaweka "it" na kuleta maana yenyewe baadaye. Cha kukagua: baada ya "it is" kuna kivumishi kisha "to" au "that"? Kama kipo, maana iko mbele. Swali likiulizwa, jibu ni sehemu nzima inayofuata: kwa mtoto kujifunza akiwa na njaa. Kwenye hali ya hewa na saa, kama "it was raining" au "it was seven o'clock", hakuna cha kutafuta.

Shida inakuja aina mbili zinapokaa pamoja:

"In November 2021 the ministry issued a circular on girls who had left school because of pregnancy. It allowed them to return. It is important that every parent knows about it."

"It" ya kwanza ni waraka. Ya pili haina nomino, maana yake inaletwa na "that". Ya tatu ni waraka tena, au ruhusa iliyomo ndani yake. Mzazi anayemsaidia binti na mfano huu, na asiyekuwa na habari ya waraka wenyewe, asome sentensi mara mbili. Wasichana hao wanaruhusiwa kurudi darasani.

Dalili ya tano: "this" na "which" zinajibiwa kwa neno moja

Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapoangukia, na hapa ndipo ningetumia jioni nyingi kuliko mahali pengine.

"In January 2016 the government stopped charging fees in public secondary schools up to Form Four. This brought many more children to the school gate. It did not, by itself, bring more desks."

"This" ni nini? Majibu ninayopata: "government", "Form Four", "fees". Hebu rudisha la mwisho: "Fees brought many more children." Ada zilileta watoto wengi? Maana imegeuka chini juu. Kilicholeta watoto ni kufutwa kwa ada, yaani tendo zima la sentensi ya kwanza, na hakuna neno moja ndani yake linaloweza kulibeba.

Sababu ya kwanza ni maelezo aliyopewa: kwamba kiwakilishi husimama badala ya nomino, basi. Hakuambiwa kwamba kinaweza kusimama badala ya wazo, sentensi, hata aya. Sababu ya pili inanigusa zaidi kwa sababu inawanyima alama watoto walioelewa. Ukimuuliza kwa Kiswahili anajibu sawasawa, "ni ile kufuta ada", lakini hajui kuliandika tendo hilo kwa Kiingereza kama jina. Kwa Kiswahili kila kitenzi kinageuka jina kwa ku- tu. Kwa Kiingereza inabidi achague njia, asipoijua anachomoa nomino yoyote iliyo tayari kwenye sentensi.

Mpe njia mbili na azizoee mpaka zitoke zenyewe. Ya kwanza: "This refers to the government's decision to stop charging fees." Ya pili, inayofanya kazi karibu kila mahali: "This refers to the fact that the government stopped charging fees." Njia ya pili ni ndefu kidogo, lakini inamruhusu kunakili sentensi ya kifungu karibu ilivyo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtoto ambaye sarufi bado inamtetemesha.

Sasa "it" ya sentensi ya tatu. Ni serikali au ni hatua ya kufuta ada? Zote zinalingana kwa idadi, zote zinakubalika na kitenzi. Angalia kitenzi chenyewe: sentensi ya pili ina "brought", ya tatu "did not bring". Mwandishi anapima jambo lile lile kwa upande mwingine, lilileta watoto, halikuleta madawati. Kitenzi kikijirudia namna hiyo, mtendaji kwa kawaida ni yule yule. Na "by itself" inathibitisha: hatua hiyo peke yake haikutosha.

"Which" baada ya mkato ina tabia kama hiyo. "In 2022 the same step was extended to Forms Five and Six, which relieved many families." Kilichowapa familia nafuu ni kupanuliwa kwa hatua, wala si kidato cha tano na cha sita. Mkato kabla ya "which" uwe kengele: simama, uliza kama ni neno au ni tukio zima.

Wakati mwingine mwandishi anasaidia kwa kuongeza nomino: "this step", "this problem", "this success". Nomino hiyo isomwe kwa makini, kwa sababu inaonyesha pia mwandishi analionaje jambo. Swali la mtazamo wa mwandishi mara nyingi jibu lake limejificha hapo.

Onyo: kuna vifungu vilivyoandikwa vibaya. Ukifanya ukaguzi wote na majina mawili bado yanasimama sawa, usiendelee kumbana mtoto na usiamini tu karatasi ya majibu iliyotolewa kopi mtaani. Andikeni hoja za pande mbili, azipeleke kwa mwalimu wake wa Kiingereza. Mwalimu ndiye anayejua jibu gani litakubaliwa na kwa nini.

Dalili ya sita: anajua, lakini alama haziji

Sababu ya kwanza ni jibu lenye kiwakilishi kingine ndani yake: "They refers to their parents." Their ya nani? Jibu lazima lisomeke hata na mtu asiye na kifungu. Sababu ya pili ni jibu nusu. Kwenye mfano wa waraka, "them" si "girls" tu, ni "girls who had left school because of pregnancy". Achukue jina pamoja na maelezo yanayolibana.

Kwenye maneno ya kunukuliwa, kwanza ajue nani anasema. "'You must send them with lunch,' the head teacher told the parents." "You" ni wazazi. "Them" ni watoto, ingawa neno "watoto" halimo kwenye sentensi, na hilo linaruhusiwa.

"The former" ni wa kwanza kutajwa, "the latter" ni wa pili: "Moshi and Arusha are both regional headquarters, the latter is also the seat of the East African Community." Ni Arusha. Maneno haya hutumika vitu vikiwa viwili tu.

Dalili ya saba: anakosa karibu kila swali, kila kifungu

Acha mazoezi ya viwakilishi. Kwanza funga kifungu na umwombe akusimulie kwa Kiswahili kilihusu nini. Akishindwa, tatizo ni msamiati, na hakuna kanuni ya "they" itakayomsaidia. Mrudishe kwenye vifungu vya kidato cha chini bila kumwaibisha, asome vingi na vifupi.

Pili, angalia macho. Anaruka mstari? Anasogeza kitabu karibu na pua? Anaumwa kichwa akisoma, au ananakili vibaya kutoka ubaoni? Mpeleke akapimwe. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya macho. Unaweza pia kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Kilimanjaro au Mount Meru kwa Arusha, ukaulizie huduma ya macho. Usimnunulie miwani ya barabarani kwa kukisia.

Tatu, na hii ni adimu zaidi: mtoto anayejieleza vizuri kwa mdomo, anayeona vizuri, lakini anayehangaika kusoma hata Kiswahili, anayegeuza herufi na kupotea katikati ya neno. Viboko na twisheni ya ziada vitamuumiza. Huyo anahitaji mwalimu wa elimu maalumu. Muulize mkuu wa shule kama yupo mwalimu mwenye mafunzo hayo shuleni au shule jirani. Chuo cha ualimu cha Patandi, pale Tengeru, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, kwa hiyo ukanda huu una watu wa kuwauliza.

Unapokwenda kwa mtaalamu yeyote kati ya hao, beba daftari lenye makosa yake, usilisahihishe wala kulifuta. Weka tarehe kwenye kila zoezi, na pembeni andika maneno aliyoyasema mtoto alipokuwa anaeleza kwa nini alichagua jibu lile.